Uchovu wa Mtoto na Msokoto wa Bangi

  Leo nina jambo moja tu, nalo ni watoto wetu na bangi. Nimeamua kulizungumza kwa kuitazama Goweko, kata ya Wilaya ya Uyui iliyo kando ya Reli ya Kati, kwa sababu mengi yanayomfikisha mtoto kwenye msokoto wa kwanza yapo pale mahali pamoja: tumbaku, reli, shule iliyo mbali na nyumbani, na usiku usiokuwa na mtu mzima.

Wapo wanaosema bangi ni janga la juzi, lililoletwa na simu za mkononi na muziki wa mjini. Historia ya njia yetu hii ya Reli ya Kati inasema vingine. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita huku wakitokea pwani. Walivuka Ugogo, wakapita Tura na Rubuga, wakaingia Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba. Burton aliandika karibu kila alichokiona, na miongoni mwa aliyoyaandika ni uvutaji wa bangi: kiko cha kibuyu chenye maji, moshi unaovutwa kwa nguvu, kikohozi kinachosikika mbali. Waliokuwa wakivuta kwenye kambi za misafara ni wapagazi, watu waliotembea tangu alfajiri wakiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani.

Mwanajiografia wa Marekani, Chris Duvall, alitoa kitabu mwaka 2019 kuhusu safari ya bangi barani Afrika. Hoja yake kubwa ni kwamba mmea huu ulitembea na watu wa kazi ngumu: wapagazi, watumwa, mabaharia, vibarua wa mashamba na migodi. Walivuta ili wasahau uchovu na njaa, na waliowatumikisha mara nyingine walifumba macho kwa kuwa kazi ilikuwa inakwenda.

Historia hiyo naileta hapa kwa sababu nikiwatazama vijana wetu leo naona bangi bado inaufuata uchovu kama ilivyoufuata kwenye kambi za misafara. Kilichobadilika ni umri wa aliyechoka. Mpagazi alikuwa mtu mzima. Anayepewa msokoto leo ana miaka 14.

Nieleze vizuri kinachomchosha mtoto huyo, maana si kila msikilizaji amelima tumbaku. Huku kwetu tunalima tumbaku ya mvuke. Jani likishachumwa hufungwa kwenye fito, fito zinapangwa ndani ya bani, yaani nyumba ya kukaushia, halafu moto unawashwa na kuendelea kuwaka siku tano, sita, hata saba, usiku na mchana. Mwanzoni joto ni la wastani ili jani liwe la njano, kisha linapandishwa hatua kwa hatua mpaka nyuzi 70 hivi, ukonyo ukauke. Moto ukizima usiku, jani linaharibika na bei ya sokoni inaanguka. Ukizidi, unaweza kupoteza tumbaku na bani lenyewe. Kwa hiyo lazima mtu akeshe. Na msimu wa kuchuma na kukausha unaanza Januari, mwezi uleule shule zinapofunguliwa.

Nani anakesha? Baba aliamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchuma. Mama amefunga fito kutwa nzima. Kibarua wa msimu, huenda ametoka Kigoma, naye hoi. Anayebaki ni kijana wa nyumbani, wa darasa la saba au kidato cha kwanza, ambaye kesho saa moja asubuhi anatakiwa awe mstarini shuleni. Saa nane za usiku usingizi unamwelemea, na moto haumsubiri. Pembeni yake yupo ndugu yake, mtoto wa baba mkubwa, kijana wa miaka ishirini na kitu, ambaye amekesha mabanini misimu mingi. Anamwonea huruma. Anampa msokoto na kumwambia, "Vuta kidogo, mdogo wangu, usingizi utakimbia."

Msikilizaji, hapo ndipo penye uzito wa mazungumzo yangu ya leo. Sisi wazazi tunamtafuta muuzaji mgeni, mtu mwenye macho mekundu anayevizia watoto njiani. Wauzaji wapo, na wakamatwe. Lakini msokoto wa kwanza mara nyingi hautoki kwa mgeni, wala hauuzwi. Mtoto anaupewa bure na mtu anayempenda, na anaupewa kama msaada. Ndiyo maana mafundisho yetu ya kumwambia mtoto "usipokee kitu kwa usiyemjua" hayamfai chochote pale banini usiku. Anayempa anamjua tangu anazaliwa.

Niongeze jambo linalosahaulika. Tumbaku yenyewe inamtayarisha mtoto. Jani bichi likiwa na umande au mvua hutoa nikotini inayopenya kwenye ngozi. Mtoto anayechuma bila nguo za kumkinga anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, na watu wakasema ni jua. Mwili mdogo unaanza kuizoea nikotini kabla mwenyewe hajashika sigara. Na tafiti za nchi nyingi zinaonesha kijana anayevuta sigara mapema ndiye aliye jirani zaidi na bangi: kuvuta moshi ameshajifunza, na kundi la wavutaji ameshaliingia.

Sheria haikulala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Inakataza asifanyishwe kazi za hatari, na inakataza kazi za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kumkesheza mtoto kwenye bani ni kuivunja sheria hiyo, iwe anakesheza mwenye shamba kubwa au baba mzazi. Najua nikisema hivi wapo watakaonijibu kwamba kazi ndiyo iliyotulea sote. Kweli, kazi imetulea. Lakini kupalilia mahindi jioni na wazazi wako ni malezi. Kulinda moto saa nane za usiku bila mtu mzima aliye timamu ni kumwacha mtoto peke yake na lolote litakalokuja.

Tutoke banini twende shuleni. Tangu Januari 2016 ada ya elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne imefutwa, na watoto wengi zaidi wameingia sekondari. Ni jambo jema mno. Ila kata zetu ni kubwa na vitongoji viko mbalimbali, katikati ni misitu ya miombo. Mtoto anayeishi mbali na shule, kama hakuna bweni, anapangishiwa chumba karibu na shule. Vijana wanakiita geto. Watoto wawili au watatu, wa miaka 14 au 15, wanaletewa gunia la mahindi na maharage kidogo, wanafungiwa mkataba wa maneno na mwenye nyumba, na mzazi anaondoka hadi mwisho wa mwezi.

Kengele ya mwisho ikishalia hakuna anayemwuliza mtoto huyo amekula nini, wala amerudi saa ngapi. Giza likiingia, geto moja linakuwa mahali pa kukusanyikia. Anakuja kijana aliyeacha shule, anakuja dereva wa bodaboda, na siku hizi anakuja kibarua mwenye fedha kidogo mfukoni, kwa maana ujenzi wa reli ya SGR kipande cha Makutupora hadi Tabora umeleta watu na pesa kwenye vijiji vilivyozoea treni mbili tatu tu kwa wiki. Silaumu reli. Reli ya kwanza ilifika Tabora mwaka 1912 na ikatulea kwa biashara. Ninachosema ni kwamba watu wanapoongezeka na pesa inapoongezeka, mtoto asiye na mlinzi ndiye anayeguswa wa kwanza.

Naomba wazazi wanisikilize hapa bila kukasirika. Wapo watoto wanaoikimbilia bangi kwa sababu ya maumivu ya nyumbani. Baba amefariki au ameondoka. Mama wa kambo hampendi, au yeye anaamini hapendwi. Anapigwa kila anapokosea. Au amefeli mtihani na ametangazwa mbele ya wageni kuwa hana akili. Mtoto wa namna hii hahitaji kushawishiwa sana. Bangi inampa saa mbili za kutosikia kitu. Ukimnyang'anya msokoto bila kuligusa lile linalomuuma, atautafuta tena, au atahamia kwenye pombe za viroba vilivyopigwa marufuku lakini mbadala wake haukosekani.

Wasichana nao wamo. Kwa kuwa hawaonekani kijiweni tunadhani bangi ni ya wavulana tu. Msichana hupewa na rafiki wa kiume, ndani, kwa siri, na akigundulika analipa mara mbili: kwa bangi na kwa jina lake.

Sasa nizungumzie yale vijana wenyewe wanayoambiana. Wanasema bangi inaongeza akili. Nisikilize, kijana wangu. Kilevi kilichomo kwenye bangi, kinachoitwa THC, kinaingia kwenye sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya. Ukisoma ukiwa umevuta, unajiona umeelewa kila kitu, na kesho yake hukumbuki hata ukurasa. Ubongo wa binadamu unaendelea kujijenga mpaka karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa kukomaa ni ile ya kupima maamuzi na kujizuia. Ndiyo maana umri wa kuanza una uzito. Kwa jumla, katika kila watu mia waliowahi kuvuta, kama tisa wanakuwa mateka wa bangi. Kwa walioanza wakiwa na umri wa balehe, anakuwa mateka mmoja katika kila sita.

Wanasema pia kwamba kuchanganyikiwa ni uchawi au ni damu dhaifu. Huko Uswidi, watafiti waliwafuatilia vijana zaidi ya 45,000 waliopimwa kwa ajili ya jeshi mwaka 1969 na 1970. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987: waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipata ugonjwa wa akili wa skizofrenia mara sita zaidi ya wasiovuta kabisa. Sitaki kuwatisha kwa uongo. Wengi wanaovuta hawachanganyikiwi, na ugonjwa huo una vyanzo vingine, ukiwamo urithi wa ukoo. Lakini mtoto hana namna ya kujua kabla ya kuvuta kama yeye ni miongoni mwa wale ambao ubongo wao hautaistahimili.

Lipo jibu lingine nalisikia kwa vijana wenye simu: "Mbona Kanada wameruhusu?" Ni kweli, Kanada iliruhusu mwaka 2018, kwa watu wazima. Mtoto wa huko haruhusiwi. Umri wa chini ni 18 au 19 kutegemea jimbo, na jimbo la Quebec liliupandisha mpaka 21 mwaka 2020. Afrika Kusini nako, Mahakama ya Katiba mwaka 2018 ilizungumza juu ya mtu mzima, faraghani kwake. Waliofungua mlango kwa wakubwa wamewafungia watoto. Na kwetu Tanzania, chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, kulima, kuhifadhi, kusafirisha na kutumia bangi ni kosa la jinai, na msafirishaji wa mzigo mkubwa anaweza kufungwa maisha.

Kuna ile miche miwili mitatu nyuma ya nyumba, ambayo mwenyewe anasema ni dawa ya kuku wakipata mdondo. Mzee wangu, naomba uing'oe. Mdondo ni ugonjwa wa kirusi na una chanjo ya kudondoshea jichoni, tone moja kwa kuku, kila baada ya miezi mitatu. Muulize ofisa mifugo wa kata. Hiyo miche haimtibu kuku, na mtoto wako anajua ilipo.

Tukimgundua mtoto anavuta, tunafanyaje? Aghalabu tunampiga. Shule inamsimamisha au inamfukuza. Sungusungu, jeshi letu la jadi lililoanzia huku Unyamwezi na Usukumani miaka ya 1980 mwanzoni kupambana na wezi wa ng'ombe, linamchapa hadharani na kumtoza faini ambayo baba yake ndiye atakayeilipa. Naiheshimu sungusungu kwa iliyoyafanya. Lakini kijana wa miaka 15 aliyefukuzwa shule anakwenda wapi asubuhi ya kesho yake? Anakwenda kwa wale waliompa bangi, maana ndio pekee wasiomfukuza. Kwa mkono wetu tumewapa mtu wa kudumu. Mwalimu anayemwita mtoto pembeni, akamwita mzazi, akamwekea mtu wa kumfuatilia kila jioni, anafanya kazi kubwa kuliko fimbo kumi.

Na akishaonesha dalili za ugonjwa, anaongea peke yake, anahisi watu wanamfuata, halali siku tatu, familia inampeleka kwa mganga. Anakaa huko mwezi, miezi, wakati mwingine amefungwa kamba. Kila wiki anayokaa bila matibabu inamrudisha nyuma. Kutoka Goweko, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete iko Tabora mjini, na upande wa pili wa reli hiyohiyo, Dodoma, iko Hospitali ya Mirembe, ambayo kazi yake ni magonjwa ya akili. Anayetaka kuombewa aombewe, lakini dawa zisisubiri.

Je, kuna mahali walikofanikiwa? Kisiwa cha Iceland, nchi ndogo huko kaskazini ya dunia, kilikuwa na tabu hii. Mwaka 1998, asilimia 17 ya vijana wao wa miaka 15 na 16 walikuwa wamewahi kuvuta bangi. Kufikia 2016 walikuwa asilimia 7. Hawakufanya kwa kuwatisha watoto. Waliwauliza vijana wote kwa madodoso mara kwa mara, na kila shule ikapewa majibu ya watoto wake. Wazazi walisaini makubaliano ya pamoja kuhusu saa za kurudi nyumbani. Sheria iliweka saa ya mtoto kuwa ndani usiku. Na halmashauri zikachangia fedha ili kila mtoto apate mchezo au muziki wa kujifunza jioni, chini ya mtu mzima anayelipwa na anayejua kazi yake.

Sisi hatuna fedha za Iceland, hilo nalijua. Lakini sehemu kubwa ya waliyoyafanya ni kuhakikisha kwamba kati ya saa tisa alasiri na saa tatu usiku mtoto yuko mahali panapojulikana na mtu mzima anayejulikana. Goweko ina uwanja wa mpira. Ina walimu vijana waliopangwa juzi ambao wangependa kufundisha timu wakipewa mpira na posho ndogo. Ina kwaya na ina madrasa. Ina akina mama wanaoishi jirani na mageto ambao, wakiombwa na kijiji na kusaidiwa kidogo, wanaweza kuwa mama wa jioni kwa watoto watano au sita.

Kwa hiyo nina maombi, na nayataja kwa wenyewe. Viongozi wa AMCOS, vyama vya msingi vya tumbaku: kabla msimu haujaanza mnakaa na wakulima mnapanga pembejeo na makisio ya kilo. Kwenye kikao hichohicho, wekeni azimio kwamba hakuna aliye chini ya miaka 18 atakayekesha kwenye bani la mwanachama, na mlikague kama mnavyokagua ubora wa jani. Makampuni yanayonunua tumbaku yanadai isitokane na kazi za watoto. Basi nanyi yadaini yachangie mshahara wa mtu mzima wa zamu ya usiku. Mtendaji wa kijiji, hesabu mageto yaliyo kwenye kijiji chako na ujue nani analala humo. Diwani, bweni ndilo dawa ya geto, lisiondoke kwenye bajeti ya halmashauri.

Mzazi mwenzangu, leo jioni kaa na mwanao. Usimwanze na bangi. Mwulize nani anakaa naye usiku banini, nani anakuja geto, na nini kinamchosha. Msikilize mpaka amalize. Na wewe kijana unayenisikiliza, kama umeshaanza na unataka kuacha, au kuna mkubwa anakulazimisha, piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure. Mwenye taarifa za wauzaji apige 119, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nayo ni bure.